Maua ya afisi za umma yagawanywe, yasitupwe jaani

Mhariri,

Juzi nilipita mbele ya afisi moja ya umma hapa jijini Nakuru nikakuta agapanthasi (maua ya kudumu ya rangi ya buluu au nyeupe) zote za kando ya lango zimeng'olewa na zinapakiwa kwenye pikapu kupelekwa jaani. Zilikuwa na afya, mizizi minene, majani ya kijani kibichi. Nilimwomba kijana aliyekuwa akizipakia anipe angalau fungu moja, akanijibu kwa heshima, "Mama, sina ruhusa." Mahali pake pamepandwa petunia za kununuliwa, maua ya msimu mmoja. Anayelima maua Lanet anajua zinavyonyauka kiangazi cha Januari kikifika.

Mhariri, agapanthasi zile hazikuwa zimezeeka. Zilikuwa zimebanana, na fungu likibanana hupunguza maua. Dawa yake ni jembe na kisu kikali. Mvua za masika zikikaribia, chimba kulizunguka fungu lote, liinue na mizizi yake, ukung'ute udongo mpaka uone machipukizi yalivyoshikana. Hapo ndipo pa kukata, na kila kipande kibaki na machipukizi mawili matatu na mizizi yake. Punguza majani hadi nusu, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywesha yote. Panda kwa kina kilekile kilichokuwa mwanzo, ukiacha nafasi ya futi moja hivi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi na hauweki maji, kwa hivyo mimi huchanganya samadi iliyooza vizuri na kufunika juu kwa nyasi kavu. Huenda mwaka wa kwanza zisitoe ua hata moja. Ziache zishike. Fungu moja kubwa likigawanywa hivyo hupamba uwanja mzima wa nyumba, na hakuna shilingi iliyotoka mfukoni.

Ua la kana ni rahisi zaidi: kipande chochote cha shina lake la ardhini chenye jicho kitachipua. Dalia ndiyo inayotaka macho makali. Watu huchagua kiazi kwa unene wake, ilhali jicho la dalia haliko kwenye kiazi chenyewe. Liko pale juu kiazi kinapoungana na shina la msimu uliopita. Ukikivunja kiazi bila kipande cha shina hilo, kitakaa ardhini mpaka kioze. Na anayependa dalia yake nyekundu asitegemee mbegu, kwa sababu mbegu huleta rangi zake zenyewe. Kiazi huleta ua lilelile.

Jeraniamu hupandwa kwa vikonyo. Kata ncha changa yenye urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini na vitumba vyote vya maua. Kisha usiwe na haraka. Kiache kikonyo kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kikiloweshwa mno kitakuwa cheusi kwa chini na kufa. Waridi ni kinyume chake: kijiti cha unene wa penseli hutaka unyevu wakati wote, nami hukifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.

Agapanthasi zangu nilipewa na jirani, naye alizipata kwa mama mkwe wake huko Bahati. Leo ziko katika nyumba nyingi za wanawake wa kanisa letu. Hata hivyo si kila ua zuri ni la kugawa. Gugumaji lina ua la kupendeza, na wavuvi wa Kisumu wanajua linavyofunika ziwa na kuwazuia kuvua. Lantana nayo ililetwa ikiwa pambo, sasa inameza malisho na kudhuru ng'ombe wanaoila.

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, tunasikia mengi kuhusu kuupendezesha mji. Kaunti hii ndiyo yenye Naivasha, ambako mawaridi hukatwa kila siku kwenda kuuzwa Ulaya. Ni aibu tununue miche ya msimu mmoja na kutupa maua yanayoweza kuishi miaka na miaka.

Naziomba afisi, shule na hospitali za umma zifanye jambo moja. Kabla ya kung'oa mimea ya kudumu, mtunza bustani aruhusiwe kuigawanya na kurudisha sehemu ardhini. Inayobaki iwekwe langoni kwa siku moja, na tangazo libandikwe mapema, wakazi waje na magunia yao. Afadhali ifanyike Machi au Aprili, mvua ikiwa karibu, ili kila kipande kipate nafasi ya kushika.

Mwalimu mstaafu,
Lanet, Nakuru