Sio muujiza, ni rubani alilinda spidi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila ndege ikizimika injini zote ikatua watu wakatoka wazima mnaandika "muujiza" halafu basi, na mi hii inaniuma sana kwa sababu yule rubani kuna vitu kavifanya pale juu na havielezwi kabisa.

Watu wanadhani injini zikizima ndege inadondoka kama jiwe. Hapana jamani, inateleza hewani, ilimradi pua ishuke na spidi ilindwe. Ile Airbus ya Air Transat mwaka 2001 mafuta yalivuja yakaisha juu ya Atlantiki, ikateleza kama dakika 19 bila injini hata moja mpaka visiwa vya Azores, watu 306 wote hai.

Kinachoua mara nyingi ni ile tamaa ya kufika. Rubani anaona uwanja ule pale, kidogo tu, anaanza kuvuta pua juu ili ndege isogee, kumbe anaimaliza spidi, mabawa yanaacha kubeba na hapo ndo inaanguka kweli, hasa hizi ndege ndogo za injini moja zikizima mara tu baada ya kuruka, rubani yuko chini mno lakini anataka ageuke arudi alikotoka. Bora shamba la mbele ulifikie mabawa yamenyooka na ndege bado inakutii. Ikivunjika ivunjike, si chuma tu.

Rubani Sullenberger wa Marekani, Januari 2009 bata bukini walimharibia injini zote mbili kwenye futi kama 2,800, akapewa uwanja wa LaGuardia, akatajiwa na wa Teterboro, akaona hafiki, akatua mto Hudson pale New York. Dakika tatu na nusu hivi tu! Na ndani ya hizo aliwahi kuwasha ile injini ndogo ya mkiani inayozalisha umeme, huku rubani msaidizi wake Skiles anapambana na chekilisti, yaani orodha ya hatua, ya kuwasha zile kubwa, yaani mmoja anarusha mwingine anasoma. Wote 155 walitoka.

Au rubani Pearson wa Air Canada 1983, hesabu ya mafuta ilipigwa kwa pauni badala ya kilo, Boeing 767 ikakauka hewani, akafika uwanja wa Gimli yuko juu mno na hana injini ya kuzunguka tena, akailaza ndege upande ikashuka haraka bila kuongeza spidi. Mbinu hiyo aliizoea kwenye glaida, zile ndege zisizo na injini.

Kwa hiyo mkiandika tena habari kama hii ulizeni alichagua pa kutua akiwa futi ngapi na nani alikuwa anasoma chekilisti, wanaojifunza urubani wanawasoma pia.

Msomaji wenu