Bango Hilo ni Keki 34

Moshi, 19 Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa juzi niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa jikoni, mara ya pili nimekaa chini na kalamu mkononi. Unaomba nikukopeshe shilingi 600,000 za kutangaza biashara yako ya keki: 350,000 za bango hapo Kijenge, Arusha, na 250,000 za kupromoti Instagram mwezi mzima. Ningekupigia, ila unajua mimi na wewe tukianza habari za hela kwenye simu hatufiki mbali. Wewe unakimbiza maneno, mimi napandisha sauti, na vocha inaisha. Ndiyo maana nimeandika.

Jibu nalitanguliza: 600,000 sitoi. Sasa usinune, maana hesabu yenyewe umenipa wewe.

Picha za daftari lako nimezipitia ukurasa kwa ukurasa. Desemba umetoa keki 95, hongera sana, na nilivyokuona macho mekundu Krismasi nilijua hukulala. Lakini Desemba ya huku kwetu unaijua. Wachaga wote wako nyumbani, kijiji kimoja kinakuwa na harusi tatu Jumamosi moja, hujaweka ubatizo, hujaweka shukrani ya aliyemaliza nyumba. Mwezi ule hata keki iliyoungua ingepata mnunuzi. Ukisema "natenga asilimia 10 ya mauzo kwa matangazo" huku umeshika ukurasa wa Desemba, unapata 285,000 na unajiona bosi. Rudi nyuma uangalie Februari na Machi ya mwaka jana: keki 22, halafu 19. Asilimia 10 ya hapo ni hela ya stika na nauli ya daladala.

Tuchukue mwezi wa kawaida, keki 40. Kurahisisha, tuseme zote ni za kilo moja, 30,000 kila moja. Mauzo 1,200,000. Hiyo namba ndiyo inayokulevya. Kwa maandishi yako mwenyewe, unga, mayai, sukari, siagi, krimu, boksi, umeme wa oveni na bodaboda vinakula 19,500 kwa keki moja. Unabaki na 10,500. Mara 40, ni 420,000. Toa pango 100,000, toa msichana anayekusaidia 120,000. Mkononi umebaki na 200,000, na hapo hujala, hujanunua hata sabuni.

Sasa geuza bango liwe keki, kama nilivyokuwa nikigeuza kila kitu kuwa sahani za ndizi nyama enzi za mgahawa. 350,000 gawanya kwa 10,500: keki 34. Maana yake bango lile lazima likuletee keki 34 ambazo usingeziuza bila lenyewe, ndipo urudi pale ulipokuwa. Instagram nayo ni keki 24. Jumla 58, na ya 59 ndiyo ya kwanza kukupa faida kamili. Jiulize nani atapita Kijenge kwenye daladala, asome bango, ashuke akuagize keki ya harusi. Anayeagiza keki ya harusi hasomi ukutani. Anauliza mtu.

Halafu bango lina ada yake ya serikali kila mwaka, mbali na hela ya fundi. Hilo jamaa wa mabango hakukuambia, au siyo?

Nikukumbushe harusi ya binamu yako kule Kibosho, Desemba 27. Wewe ulileta keki asubuhi ukawahi kurudi Arusha kwa oda nyingine. Mimi nilikaa mpaka mwisho, kwa hiyo niliyaona usiyoyaona. Keki yako ilikuwa kwenye meza yake ya duara, ngazi tatu, yale maua meupe ya sukari yakining'inia upande mmoja. Watu waliipiga picha mpaka nikaona aibu kwa furaha. Kisha ikaja ndafu. Wameibeba begani wanacheza nayo, mbuzi mzima amekaa na majani mdomoni, emsii anapaza sauti, "Sasa keki ya Kichaga!" Akamtaja mchomaji kwa jina na kijiji anachotoka. Yule bwana akasimama na kofia yake nyeupe na kisu, na kabla hajafika kwenye paja nilimwona akiwapa namba watu wawili. Keki yako ilikatwa, ikaliwa, ikaisha. Mama mmoja wa meza yetu akaniuliza, "Hii nani kaoka?" Nikasema kwa kifua mbele, mwanangu, yuko Arusha. Akasema nipe namba. Miwani nilikuwa nimeiacha kwenye gari. Nikaanza kubonyeza simu, mara nimpigie mjomba wako, mara nimpigie fundi bomba, na namba yako ilipotokea yule mama alishaitwa kutoa zawadi.

Boksi halikuwa na jina. Mezani hapakuwa na hata kadi. Watu 300 wameila kazi yako na hakuna aliyeondoka na namba. Mwanangu, kabla hujafikiria bango la Kijenge, bango lako la kwanza lilikuwa meza ile ya Kibosho.

Kosa kama hilo nimelifanya mimi pia, tena kubwa kuliko lako. Mwaka 2011, mgahawa wetu pale karibu na stendi ulikuwa unakwenda vizuri, nikaona niukimbize. Nikalipa tangazo la redio la mwezi mzima, 450,000, hela ya ada yenu ya muhula. Wiki ya kwanza watu wakaja kweli. Saa saba mchana ndizi zimekwisha, nyama imekwisha, wapishi wangu wawili wanagombana jikoni, na waliokaa dakika 40 bila sahani wakanyanyuka. Wengine walikuwa wateja wangu wa siku zote, wale wa kila siku wa mtori na chapati. Baada ya hapo redio ikawa inalisoma tangazo saa tano usiku, wakati mwenye njaa ameshalala, na nilipokwenda kulalamika nikaambiwa mkataba haukutaja saa. Haukutaja kweli, nilikuwa nimesaini bila kusoma. Nilichonunua kwa 450,000 ni watu wa kujionea kwamba jiko langu ni dogo.

Oveni yako inachoma keki nne kwa mpigo. Desemba ilikunyima usingizi. Bango likileta hizo 34 kwa mwezi mmoja, utaziokea wapi?

Basi tupange fungu. Walioandika vitabu vya biashara hupenda kusema mfanyabiashara mdogo atenge asilimia 5 mpaka 10 ya mauzo. Inaweza kuwa kweli kwa mwenye kubakiwa na nyingi kwa kila anachouza. Kwako 10 ni 120,000 kutoka kwenye zile 200,000, yaani utangaze biashara ushinde njaa. Hata 5 inauma. Mimi nasema anza na 1,000 kwa kila keki inayotoka mlangoni. Ni kama asilimia 3 na kitu. Siku hiyohiyo mteja akilipa, rusha 1,000 kwenye ile laini yako nyingine usiyoitumia, na laini hiyo usiigusie mafuta ya kupikia wala vocha. Huna haja ya kukaa mwisho wa mwezi na kikokotoo ukitafuta kilichobaki, kwa sababu mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Nani asiyejua hilo?

Uzuri wake mwingine ni huu. Desemba keki 95 ni 95,000. Novemba ulitoa 47, ni 47,000. Jumla 142,000, na zote zingekuwa zimekaa zinakungoja leo. Hukuziweka, sawa, lakini hela ya Desemba najua bado unayo kiasi, usiniambie huna. Toa 142,000 humo leo uziweke pembeni, tuhesabu kwamba ulianza Novemba.

Na uzitumie lini? Hapa ndipo sikubaliani na wewe kabisa. Unasema Februari na Machi biashara imelala, tangazo litapotea bure, tusubiri Pasaka. Jumatano ya Majivu mwaka huu ni 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili, na Ramadhani nayo imeangukia humohumo. Kweli, siku 40 hizo Wakatoliki na Walutheri wengi hawafungi ndoa, na keki za harusi zitakauka. Lakini harusi za Aprili na Mei zinapangwa lini? Kamati zinakaa Kwaresma! Wiki baada ya wiki, soda mezani, katibu anasoma michango, na mwisho wa kikao wanaulizana nani mpambaji, nani emsii, nani wa keki. Ukingoja Pasaka ujitangaze, utakuta advansi imeshatolewa kwa mwingine. Tangaza mwezi uliolala, uuze mwezi ulioamka.

Kwa hiyo zile 142,000 mimi ningezikata hivi. Stika za boksi na kadi ndogo za kuweka mezani, 30,000. Keki za nusu kilo za kuonjesha kwenye vikao vinne vya kamati, kwa gharama ya 10,000 kila moja, 40,000. Usimtume mtu, nenda mwenyewe, kata, gawa, toa kadi, ondoka kabla hawajaanza kugombania michango. Kijana wa kamera akupigie picha nzuri za keki zako mwenyewe, 30,000, maana zile ulizoweka kwenye ukurasa wako nusu yake ni za kuokota mtandaoni, na mteja akija anataka ileile ya Dubai. Instagram, 30,000, siyo 250,000. Zinabaki 12,000, ziache hapohapo.

Ya Instagram zigawe mara tatu, 10,000 kila wiki, na kila mara tangazo liishie Arusha na vitongoji vyake. Lile la Oktoba ulipopromoti uliniita nije nione, watu 900 wameweka moyo. Nikasoma maoni: Mwanza, Mbeya, mmoja yuko Muscat. Mwenye moyo wa Mwanza hatakula keki ya Kijenge. Wewe hesabu waliokuja kukuuliza bei, na kati yao waliolipa advansi. Hizo 30,000 zikirudisha keki tatu umefika sifuri yako, zikirudisha sita unaongeza. Isiporudisha hata moja, hamishia ile hela kwenye kuonjesha.

Na usiweke kila kitu kwenye mtandao. Oktoba mwishoni intaneti ilipozimwa siku kadhaa, nani alikupata? Waliokuwa na namba yako kwenye simu. Duka liweke kwenye ramani ya Google, ni bure, ili watu waache kukupigia "nimefika pale kwenye mti, nikate wapi."

Wapambaji na maemsii hawamo kwenye hizo 142,000. Hao walipe wakishaleta. Mpambaji akikuletea oda ya keki ya harusi ya 250,000, mpe 15,000 yake hela ikishaingia yote, siyo kwenye advansi, na bei yako uiweke ukijua hiyo 15,000 imo. Usikubali yule anayetaka atangulie kulipwa "kwa ajili ya kukutambulisha kwa watu wakubwa." Wakubwa gani hao? Vilevile usinieleze tena habari za wageni wa AFCON 2027. Wanakuja kuangalia mpira, hawaji kubatiza watoto.

Kitu kimoja ninachokidai, na hiki ni amri. Kwenye kaunta buku lako ongeza mstari mmoja pembeni ya bei: ametoka wapi. Muulize kila mteja, "Umenipataje?" na uandike palepale, kabla hajaondoka: stika, jirani, Instagram, mpambaji fulani, kikao cha kamati. Mimi miaka 14 ya mgahawa sikuwahi kuuliza. Nilikuja kujua tumeshafunga, kwa kuambiwa msibani, kwamba madereva wa Coaster za Arusha ndio walioniletea zaidi ya nusu ya wateja wangu. Kwa nini? Kwa sababu yule kijana wangu wa chai alikuwa akiwapa madereva vikombe vya bure bila mimi kujua. Na nilimkata mshahara kwa ajili ya vile vikombe.

Pasaka ukija, uje na daftari, tukae barazani tuone 1,000 ibaki 1,000 au ipande.

Halafu nina oda. Jumapili ya tarehe 8 Februari jumuiya inasali kwangu, nataka keki ya kilo mbili, ya vanila, isiwe na rangi nyingi, mama mwenyekiti ana sukari ila hataki kuambiwa. Itume kwa basi la asubuhi, nitaipokea stendi. Nalipa 60,000 kamili, na usinipunguzie hata mia. Weka stika kwenye boksi, kadi 10 ndani, na pembeni ya bei uandike: mama.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama lile sufuria kubwa bado liko kwako.

Mama yako