Usipake Rangi Rolbaa Yako Kabla Hatujaiona

Simu nyingi hutufikia karakanani siku mbili kabla ya mashindano ya magari. Gari limeshapigwa rangi, rolbaa, lile tao la chuma linalokinga kichwa gari likipinduka, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, zulia limerudishwa sakafuni, na mwenye gari anaomba "tuitazame kidogo tu" kabla hajaenda kwenye ukaguzi wa usalama. Tunaitazama, lakini tunachokiona ni rangi. Mkaguzi naye ataona rangi hiyohiyo, na asipoweza kuona viungo vilivyochomelewa, hana sababu ya kukuamini.

Kwa hiyo ombi letu kwa wateja wa hapa Kampala, na kwa ninyi mnaovuka mpaka kutoka Kenya na Kongo, ni moja: leteni gari likiwa uchi. Viti nje, zulia nje, chuma kitupu.

Kuna kijana alituletea Mazda MX-5, gari dogo la wazi la viti viwili, yenye rolbaa aliyotengenezewa kwingine. Kwa macho ilikuwa safi kabisa. Tulipokwangua rangi tukakuta puti, chini ya puti weldi yenye matundu kama mkate, na pembeni yake mng'ao wa zinki, ile inayopakwa mabomba ya maji yasishike kutu. Nikamwambia, "Ssebo (bwana), hili ni bomba la maji." Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amelipa pesa nzuri.

Bomba la maji halifai, hata likiwa nene. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zile za Kiambatisho J kifungu cha 253 ambazo wakaguzi wengi huziegemea, zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi. Tao kuu, yaani lile linalopita nyuma ya kichwa chako, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Vyuma vingine viwe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Zinki nayo ina ubaya wake: ikipata moto wa weldi inageuka moshi wenye sumu kwa fundi, na kuacha mapovu ndani ya kiungo. Matundu yale ya mkate yalitokana na hilo.

Unene wa bomba hauonekani kwa nje. Vilabu vya Marekani hudai kitundu cha ukaguzi, inchi 3/16, kama milimita 5 hivi, ili mkaguzi apime ukuta wa bomba bila kubishana na mtu. Sisi hupenda kukitoboa mapema, mahali pasipobeba mzigo, kama kanuni za mashindano yako zinaruhusu. Wateja hushtuka wakiona drili inaikaribia rolbaa mpya. Tunawaelewa, lakini kitundu hicho kimoja humaliza mjadala wa nusu saa.

Kisha tunaangalia mikunjo. Mafundi wetu wa mjini ni hodari wa kujaza bomba mchanga, kulipasha moto na kulikunja, na kwa geti au kitanda kazi hiyo inatosha. Kwa rolbaa hapana. Bomba likunjwe baridi, kwa mashine, na nusu-kipenyo cha mkunjo, kikipimwa katikati ya bomba, kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la 45 hiyo ni milimita 135. Mahali pa mkunjo tunapima upana wa pande mbili kwa kalipa. Upande mwembamba ukishuka chini ya asilimia 90 ya ule mpana, bomba limebonyea na halitengenezeki. Linakatwa, tunaanza upya.

Weldi izunguke bomba lote, hata upande ule unaogusana na paa ambako mkono haufiki vizuri. Mafundi wavivu hupenda kuuruka wakitumaini hakuna atakayeinama. Mkaguzi huinama, tena na kioo kidogo mkononi. Kanuni za FIA zenyewe zinakiri kwamba weldi nzuri kwa macho haithibitishi uimara, ila weldi mbaya kwa macho haijawahi kuwa dalili ya kazi nzuri. Tukiwa na shaka tunapaka rangi nyekundu ya kupenya, tunaifuta, kisha tunapulizia unga mweupe. Ufa ukiwepo, unajichora wenyewe.

Hata hivyo, panapotusumbua zaidi ni miguuni. Chuma kizuri kikisimama juu ya bati lililooza, gari likipinduka mguu utatoboa sakafu. MX-5 hujulikana kwa kutu kwenye kingo za chini, karibu na magurudumu ya nyuma, na matope yetu ya murram hayasaidii. Kwa hiyo tunagonga sakafu kwa nyundo kabla ya kugusa chochote. Kila mguu wa tao kuu uwe na sahani ya chuma ya kuimarisha, unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, pamoja na bolti tatu za M8 au zaidi. Soma kichwa cha bolti: kiandikwe 8.8, ambayo ni namba ya uimara wake, au kubwa zaidi. Bolti isiyo na namba, muuzaji aibakize mwenyewe.

Kichwa chako ndicho kipimo cha mwisho. Unakaa, unafungwa mkanda, unavaa helmeti, kisha tunatazama kama tao limekuzidi kimo; vilabu vingi vya Marekani hudai angalau inchi 2 juu ya helmeti. Kwenye gari dogo lisilo na paa, dereva mrefu hushindwa hapa. Dawa huwa kushusha kiti, mara nyingine kutoa sponji yote ya chini.

Mnaoendesha gari hilohilo kwenye foleni ya Jinja Road siku za kazi, sikilizeni. Barabarani huvai helmeti, na fuvu likigonga chuma kitupu, rolbaa inayokulinda uwanjani inaweza kukuua. Kwenye chuma hicho tunafunga povu gumu lenye alama ya viwango vya usalama, FIA 8857-2001 au SFI 45.1 ya Marekani. Sponji laini ya godoro hatufungi, hata ukiomba.

Rolbaa pekee haikupeleki kwenye ralli. Huko ni keji kamili, yaani kizimba cha mabomba kinachozunguka chumba chote cha dereva. Na mikanda ina tarehe ya mwisho kwenye lebo, itazame leo.

Tupe wiki mbili kabla ya mashindano, pamoja na nakala ya kanuni za mwaka huu za tukio lenyewe. Njoo na kiti utakachokalia na helmeti yako, usiazime ya rafiki. Kila kichwa na kimo chake.