Shukrani kwa yule mzee wa kofia pale Lamu

Jamani naomba niseme hapa maana namba yake sina na jina sikuuliza, ujinga wangu. Nilikuwa Lamu wakati wa Maulidi napiga picha za makala yangu, ile naandika kwa Kiswahili na Kifaransa, nikamkuta mzee kakaa barazani anashona kofia. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, akacheka akasema piga tu mwanangu ila uso niachie, piga mikono. Na kweli hizo picha za mikono ndo zimebeba kazi yote!

Ila kilichoniokoa si picha. Nilikuwa nishaandika kwenye simu "kofia ya darizi", nikamsomea, akatikisa kichwa, hii ya vito, akainyanyua juani nikaona vitobo vidogo vidogo mwanga unapita, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano, mkono mtupu, kofia moja inaweza kula miezi. Bila yeye ningechapisha uongo kwa lugha mbili, na hicho Kifaransa chenyewe neno la hiyo kitu sijalipata mpaka leo, nimeacha "vito" hivyohivyo, mhariri anune tu.

Halafu nikasahau kifuniko cha lenzi pale barazani, akanifuata nacho mpaka gatini, na jua lile!

Mzee wangu, kama kuna mjukuu anakusomea hii, ahsante sana sana, picha nishazichapa, nakuja nazo, na kahawa tungu siku hiyo nanunua mimi.