Wanafunzi wanachagua kazi ambazo hawajawahi kuziona

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yanapotoka, safu za maoni hujaa malalamiko yale yale: vijana hawaajiriki, hawana nidhamu, wanataka vyeo kabla ya kazi. Mimi ni ofisa rasilimali watu. Kazi yangu ni kufungua bahasha na barua pepe za vijana hao hao, kuwaita kwenye usaili, na wakipita kuwapangia vitengo. Naomba nafasi niseme ninachokiona nikiwa upande wa pili wa meza, maana lawama hizi naona zinapelekewa mtu asiyehusika.

Barua zao nazijua kwa moyo. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi na mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Sina ugomvi na hilo. Mwalimu wa lugha aliwafundisha muundo wa barua rasmi nao wakaushika. Kinachonisumbua ni sentensi ya mwisho, ambayo hukosekana mara chache sana: "Niko tayari kufanya kazi yoyote." Wenzangu ofisini husema huo ni unyenyekevu. Mimi naisoma kama ripoti ya shule alikotoka: mtoto amekaa darasani miaka yote hiyo na hakuna aliyemwonyesha hizo kazi ni zipi.

Kwenye usaili niliacha zamani kumuuliza mtu anajiona wapi baada ya miaka mitano. Jibu lake liko mtandaoni na wote wanalikariri. Siku hizi nauliza hivi: nieleze kazi moja uliyowahi kumtazama mtu akiifanya, tangu anaanza mpaka anamaliza. Wengi hunyamaza. Wengine hunitajia cheo: daktari, rubani, wakili. Nikiuliza rubani anafanya nini saa moja kabla ya kuruka, tunatazamana.

Binti mmoja alinieleza habari za fundi aliyekuja shuleni kwao kutengeneza mashine ya kutoa nakala. Alikuwa ametumwa kupeleka karatasi, akabaki mlangoni anatazama. Fundi hakuanza kwa kufungua mashine. Aliuliza nani aliitumia mara ya mwisho na ilikuwa inafanya nini ilipogoma. Akatoa nakala kadhaa, akazilaza mezani, akazilinganisha zile alama nyeusi zinatokea wapi. Ndipo akashika bisibisi. Alipomaliza alijaza fomu: muda aliofika, kipuri alichobadilisha, jina la aliyepokea kazi, sahihi. "Nilidhani ufundi ni mikono tu," binti akaniambia, "kumbe nusu yake ni kuuliza na kuandika." Alama zake zilikuwa za kawaida kabisa. Nilimpa nafasi, na ukiniuliza kwa nini nitakujibu kwamba katika waombaji wote wa siku ile ni yeye peke yake aliyejua kazi inafananaje.

Angalia alivyoijua, Mhariri. Kwa bahati ya kutumwa na karatasi. Hapo hakuna mtaala wala mpango wa mtu yeyote.

Wala tatizo hili halihusu shule moja au mbili. Katika utafiti wa PISA wa mwaka 2018, ambao huwahoji wanafunzi wa miaka 15, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, liliwauliza wanatarajia kufanya kazi gani wakifika miaka 30. Kwa nchi 41 zilizolinganishwa, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana walitaja kazi zilizomo ndani ya orodha ya kazi 10 tu. Sasa weka hapo pembeni orodha ya kimataifa ya aina za kazi inayotunzwa na Shirika la Kazi Duniani. Toleo lake la mwaka 2008 lina makundi 436, na kila kundi lina kazi nyingi ndani yake. Nusu ya vijana wanagombea kipande kidogo cha soko ambalo hawajawahi kulitembelea. Anayehakiki mizani na vipimo vya kiwandani, anayetunza vyumba vya baridi vya kuhifadhia chanjo, anayekagua lifti, anayepanga ratiba za meli bandarini: nani anamtaja mmoja wa hao akiulizwa atakuwa nani?

Kinachoniudhi zaidi ni mpangilio wa mambo. Mwanafunzi huchagua masomo, achukue sayansi au biashara au sanaa, akiwa na miaka kumi na minne au kumi na sita hivi. Ushauri wa kazi, kama upo, humfikia mwaka wa mwisho, wakati fomu zilishajazwa na masomo aliyoyaacha hayarudi. Anachagua kwanza, halafu ndipo anaelezwa alichagua nini. Msichana aliyeacha fizikia kwa sababu rafiki zake waliiacha hajui kwamba siku ile amefunga na mlango wa kupiga picha za eksirei hospitalini, kazi ambayo pengine angeipenda kuliko uuguzi anaousikia kila siku nyumbani.

Na wazo la kuwasaidia si geni, wala halingoji teknolojia yoyote. Mwaka 1908, mjini Boston, Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi. Alisema mtu anahitaji mambo matatu: ajijue mwenyewe, ajue kazi inataka nini na inatoa nini, kisha afikiri kwa makini namna hayo mawili yanavyokutana. Alifariki mwaka huo huo, lakini wanaotoa ushauri wa kazi mpaka leo wanatumia msingi wake. Shule zetu zimechukua jambo la kwanza na kulikuza mno. Wanafunzi wanajaziwa dodoso za "vipaji" na "haiba" mpaka wanachoka. La pili limeachwa. Mtu anaambiwa ana kipaji cha uongozi, haya, akaongoze nini?

Najua nitaambiwa kuna siku ya taaluma. Nimealikwa mara nyingi na nimekwenda. Turubai, maikrofoni, wageni wenye suti. Kila mgeni anasimulia alivyohangaika mpaka akafika, anapigiwa makofi, anawaambia watoto wafuate ndoto zao. Hakuna anayesema asubuhi akiingia ofisini anafanya nini mpaka saa sita mchana, nini kinamchosha, bosi wake akikasirika hukasirikia nini, na ni somo gani la shule analolitumia kila siku bila kutarajia. (Mimi ningejibu: hesabu za asilimia, na insha.) Mwalike msimamizi wa ghala na daftari lake la kupokea mizigo, umpe dakika arobaini na wanafunzi ishirini badala ya mia sita, uone maswali yatakayoulizwa.

Ila bora kuliko kumwalika ni kumfuata. Ujerumani ni jambo la kawaida mwanafunzi wa sekondari kukaa wiki mbili au tatu kwenye kampuni au karakana kabla hajamaliza shule, kama sehemu ya masomo yake. Halipwi wala hatarajiwi kuzalisha. Anatazama, anasaidia vitu vidogo, anarudi na ripoti. Uingereza shule hupimwa kwa vigezo vinane vya ushauri wa kazi vilivyotolewa mwaka 2014, na kimojawapo kinataka kila mwanafunzi awe amekaa na mshauri ana kwa ana angalau mara moja kabla ya kufika miaka 16, na tena kabla ya 18. Mazungumzo mawili tu. Sidhani kuna shule inayoweza kusema haimudu mazungumzo mawili kwa miaka minne.

Waajiri wenzangu nao wana kisingizio chao, kwamba sheria ya ajira ya watoto hairuhusu. Wausome Mkataba wa Umri wa Chini wa Kuajiriwa wa mwaka 1973, namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani. Ibara ya 6 inaweka kando kazi inayofanywa mahali pa kazi na mtu wa miaka 14 au zaidi, ikiwa ni sehemu ya mafunzo au ya mpango wa kumwelekeza achague kazi, na masharti yake yamewekwa na mamlaka husika. Kazi za hatari zinabaki marufuku kwa walio chini ya miaka 18, na hapo hakuna mjadala. Lakini kumweka kijana kwenye kiti pembeni ya mhasibu kwa siku nne hakumhatarishi mtu, labda mhasibu mwenyewe, ambaye italazimu aeleze anachofanya.

Tukiwa hapo hapo kazini, kijana aonyeshwe pia karatasi za ajira. Nimewapa mikataba vijana wenye alama za juu wakasaini bila kugeuza ukurasa wa pili. Hawajui kipindi cha majaribio ni nini, wala kwamba mshahara uliotajwa kwenye tangazo si ule utakaoingia benki, kwa sababu ya kodi na makato ya hifadhi ya jamii. Wapo waliokwishalipa "ada ya usajili" kwa wakala aliyewaahidi nafasi, wakati Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 wa shirika hilo hilo unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa pale mamlaka imeruhusu kwa makundi maalumu. Haya yote ni somo la vipindi viwili, na yangewaokolea fedha.

Kuhusu wazazi nitasema kidogo, maana nami ni mmoja wao. Kijana akiuliza maswali mengi juu ya kazi tunamfunga mdomo kwa "mchagua jembe si mkulima". Akitaja ufundi tunamtazama kama aliyefiwa. Tumewafundisha kwamba chuo cha ufundi ni cha waliofeli, kisha tunashangaa wanaofika huko wanafika wamekata tamaa. Uswisi takriban theluthi mbili ya vijana wakimaliza elimu ya lazima huenda kwenye mafunzo ya ufundi, wengi wao wakigawa wiki kati ya kampuni na darasa, na wala hawafungiwi: anayetaka anaweza kufanya mtihani wa ziada na kuendelea hadi chuo kikuu cha sayansi tumizi. Mzazi wa huko hamwoni mtoto wake amepotea, kwa sababu njia ya kuendelea anaiona. Kwetu sisi wazazi ingefaa kwanza tuiulizie hiyo njia ipo wapi kabla ya kumkataza mtoto.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao bila kungoja waraka wa wizara, ushauri wangu ni wa kiofisi. Usimwandikie mkurugenzi mkuu. Barua yako italala. Mwandikie ofisa rasilimali watu au msimamizi wa kitengo. Taja idadi ya wanafunzi, wasizidi watatu kwa mahali pamoja, tarehe, saa za kuingia na kutoka, nani ana bima yao, na simu ya mwalimu atakayepokea akipigiwa. Wape wanafunzi kazi moja tu ya kufanya: wamfuate mfanyakazi mmoja na waandike alichofanya, saa kwa saa. Na wapeleke kabla ya fomu za kuchagua masomo kujazwa. Barua ya aina hiyo ikifika mezani kwangu naijibu wiki ile ile.

Wako,
Ofisa rasilimali watu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)