Risala ya Klabu ya Sanaa na Ubunifu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Afisa Elimu Kata,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu,
Wazee wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wa watoto na kuja hapa Kondoa. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa na kosa la mwalimu, na mwalimu huyo ni mimi ninayesoma risala hii. Siku moja nilichora nyumba ubaoni: mraba, pembetatu juu yake, mlango katikati, dirisha huku na huku. Nikawaambia watoto wa darasa la tatu, "Haya, kila mtu achore nyumba ya kwao." Nilipokusanya madaftari nikakuta darasa zima limechora nyumba moja, ile yangu ya ubaoni. Nikamwita mtoto ambaye kwao napajua, maana napita hapo kila asubuhi. Nikamuuliza, "Kwenu kuna paa kama hili?" Akasema, "Hapana, mwalimu. Kwetu ni tembe." "Mbona umechora hili?" Akanijibu taratibu, kama anayemfundisha mtu, "Hiyo ndiyo nyumba ya kuchora."

Jibu lile liliniumiza. Mtoto wa miaka minane alikwisha kujua kwamba kuna nyumba zinazostahili kuchorwa, na ya kwao haimo. Hakuzaliwa na wazo hilo. Alilipata darasani, kwenye chaki yangu.

Wiki iliyofuata tukafuta ubao, tukatoka. Kila mtoto alikuwa na daftari na penseli, na kila kundi lilikuwa na kamba ya katani iliyofungwa mafundo, fundo na fundo shubiri moja. Mzee mmoja jirani wa shule, ambaye yuko nasi hapa leo, alitufungulia mji wake na kutueleza tembe linavyojengwa. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini. Kwenye panda hulazwa miti mirefu, juu ya miti hupangwa fito zilizobanana, kisha majani, ndipo udongo. Halafu akatuonyesha jambo ambalo mimi, pamoja na kupita pale miaka yote, sikuwahi kuliona: paa la tembe halikulala kama meza. Limeinama kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yapate njia. Watoto walilala kifudifudi chini kulitazama lile paa kutoka pembeni, jicho moja limefumbwa. Siku ile hapakuwa na pembetatu hata moja kwenye daftari.

Tuliporudi wakaanza kutengeneza matembe madogo kwa mabua ya mtama na udongo wa kichuguu. Yalipokauka tukaleta mvua, yaani birika la maji, tukalimwagia kila tembe. La kwanza likayeyuka lote. La pili likasimama, ila likavuja katikati, kwa sababu waliolijenga walisahau ule mwinamo. Hakuna aliyelia. Walikwenda kwa mzee wenyewe bila kutumwa, wakarudi na samadi ya ng'ombe ya kuchanganya na udongo, kama mama zao wafanyavyo wakisiriba ukuta. Kutazama, kupima, kuchora, kujenga, kujaribu, kubomoa, kujenga tena: Mheshimiwa, huo ni usanifu, na waliofanya kazi hiyo wana miaka minane na tisa.

Rangi utakazoziona ukutani tumezitengeneza hapa hapa. Nyekundu inatoka kwenye makorongo yetu. Wazee waliopo wanaukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lililomomonyoka ili ardhi ipumzike. Udongo ule ule uliotutia umaskini watoto huuchekecha kwa kitambaa chepesi hadi ubaki unga laini, wakauchanganya na gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha. Gundi ikipungua, rangi ikikauka hufutika kwa kidole; ikizidi, hupasuka kama tope la bwawa. Kipimo hawakuambiwa na mtu, wamekipata kwa kuharibu na kurudia. Nyeupe ni chokaa, nyeusi ni mkaa uliosagwa, njano ni manjano ya jikoni, na buluu ni ile ya kufulia nguo. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Karatasi ni mifuko ya simenti iliyokung'utwa na katoni za sabuni. Hayati Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, kwa hiyo hatuoni aibu kwa katoni zetu.

Mara moja tu, kwa nauli waliyochanga wazazi, tulifika Kolo kwenye michoro ya miambani, ambayo mwaka 2006 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tulikwenda Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro hiyo. Watoto walikaa kimya kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wengi wanajua kwamba wazee bado hufanya matambiko mahali pale. Tuliweka sharti moja: mwamba hauguswi kwa mkono, haumwagiwi maji, haupigwi chaki. Wakachora kwa mbali, wale watu warefu wembamba na wanyama wa wino mwekundu. Binti mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, hii ni rangi yetu."

Tuliwaeleza pia habari za Mary Leakey, aliyekuja Kolo mwaka 1951 kuinakili michoro ile. Baba yake alikuwa mchoraji, na yeye mwenyewe aliingia kwenye elimu ya mambo ya kale kwa sababu ya mkono wake wa kuchora. Mwanamke huyo ndiye aliyeona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Olduvai mwaka 1959. Nataka wazazi walisikie hili, hasa wenye mabinti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliufurahia mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 kwa kulipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake. Lakini tuseme ukweli mbele yako. Mtihani ukikaribia, kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kukopwa, na mkopo huo haulipwi. Sisi walimu ndio tunaokopa. Wengi wetu pia hatukufundishwa kuchora tulipokuwa watoto wala chuoni, ndiyo maana tunakimbilia ile nyumba ya pembetatu.

Wapo wazazi waliouliza kama watoto wameletwa shule kuchezea udongo. Ni swali la haki, maana shamba limeuzwa ili mtoto asome. Tunawajibu kwamba watoto waliopima tembe kwa kamba walielewa mzingo na eneo kabla hatujafika kwenye ukurasa huo wa Hisabati. Hata hivyo, mimi sitaki kuitetea sanaa kwa Hisabati peke yake. Mtoto aliyejifunza kuitazama nyumba ya kwao mpaka akaona mwinamo wa paa amepata jicho, na jicho hilo ni lake hata asipofaulu kwenda sekondari.

Mheshimiwa, tuna maombi yetu. Kwanza, tunaomba kipindi cha sanaa kilindwe mwaka mzima, na ukaguzi ukifika uulize madaftari ya kuchora kama unavyouliza ya masomo mengine. Pili, tunaomba semina kwa walimu wa somo hili wa kata nzima. Sisi tuko tayari kuwapokea hapa na kugawana nao tulichojifunza. Tatu, lile banda la zamani lililoezuliwa na upepo likipata mabati, pamoja na makabati 2, kazi za watoto hazitaliwa tena na mchwa, kama zilivyoliwa za mwaka jana. Nne, tunaomba usafiri wa kwenda Kolo mara moja kila mwaka, ili asiachwe nyuma mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na nauli.

Kwa sasa tunakukaribisha utembelee meza zetu. Kwenye meza ya kushoto, chini ya mwembe, kuna matembe saba yaliyokamilika wiki hii na hayajajaribiwa. Birika limejaa, na watoto wanaomba maji uyamwage wewe.

Tunaomba kuwasilisha.