Risala ya Wachongaji, Wafinyanzi na Wacheza Ngoma wa Mtwara kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Serikali na viongozi wa dini mliopo,
Wazee wetu, wasanii wenzetu na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuacha shughuli zako nyingi na kuja kufungua maonyesho yetu. Kikundi chetu kina wachongaji, wafinyanzi na wacheza ngoma, wengi wao wakiwa watu ambao hawana kazi nyingine ya kuwaingizia kipato. Hilo ndilo tunaloomba ulibebe unapotusikiliza, kwa kuwa msanii wa mkoani mara nyingi huchukuliwa kuwa ni mtu mwenye shamba lake anayecheza ngoma jioni.

Kinyago kilicho mezani mbele yako hakijakamilika, na tumekileta hivyo kwa makusudi. Ni kinyago cha mtindo wa ujamaa, watu wamebebana kuanzia chini hadi juu, kila mmoja akimshika mwenzake. Ukikizunguka utaona upande mmoja umekwisha kupigwa msasa na unang'aa, na upande wa pili bado una alama za tezo na ile sehemu nyeupe ya nje ya mpingo. Mchongaji wake alikianza miezi miwili iliyopita na anakadiria miezi mingine miwili mbele yake. Hawezi kuharakisha, kwa sababu mpingo ukikauka kwa ghafla hupasuka, na ufa mmoja usoni mwa kinyago hufuta kazi yote iliyotangulia. Katika miezi hiyo minne nyumba yake inakula, watoto wanakwenda shule, na kinyago hakijaleta hata shilingi moja.

Ndugu Mgeni Rasmi, sanaa hii imetoka mbali. Wazee wetu wengi, Wamakonde, walivuka mto Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, kuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, wakiwa na patasi zao. Baadaye wengi walihamia Dar es Salaam, na hadi leo ukifika kwenye soko la vinyago la Mwenge utakisikia Kimakonde kabla ya kuoneshwa bei. Hatuwalaumu waliohama, wanunuzi walikuwa huko. Lakini matokeo yake ni kwamba Mtwara tumebaki na jina, na biashara imekwenda na waliohama. Mchongaji wa Newala au Tandahimba humuuzia dalali anayekuja na gari, na bei ambayo mtalii atailipa mjini yeye hataijua kamwe.

Tunaishukuru Serikali kwa kuanzisha mikopo kwa wasanii kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na kwa kurejesha mwaka 2024 mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyokuwa imesimamishwa mwaka 2023, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wafinyanzi wetu, ambao wote ni akina mama, walikopa, wakanunua mkokoteni wa kusombea udongo na kuni, na wakamaliza deni. Waliweza kwa sababu chungu na mtungi huuzwa gulioni kila wiki. Wachongaji hawakuweza. Rejesho la kwanza lilipofika kinyago kilikuwa bado kina mabaka meupe, na mmoja wao alilazimika kukiuza hivyo hivyo kwa dalali kwa bei ya kutupa, ili tu jina lake lisiandikwe kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Katika mkoa huu kila mtu anaelewa maana ya kumsubiri mtu hadi msimu wake. Mkulima wa korosho hupeleka mzigo ghalani, akasubiri mnada, na mwenye duka anayemdai humsubiri pamoja naye. Tunaomba, Ndugu Mgeni Rasmi, marejesho ya wachongaji nayo yafuate mwenendo wa kazi yao: yaanze baada ya muda wa kuchonga kupita, na yalipwe kwa awamu chache kubwa badala ya kila mwezi. Tunaomba pia tufikiriwe wanaume waliopita umri wa ujana, ambao hawamo katika fungu lolote kati ya yale matatu. Hao ndio walimu wetu wa patasi.

Jambo la mpingo lina uzito wa pekee. Mti huu huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, na hakuna kati yetu anayetaka uvunwe kiholela, kwa kuwa ukiisha tumekwisha sisi kwanza. Tunanunua magogo kwa wafanyabiashara wenye leseni na tunadai risiti. Tatizo huanza pale gogo linapogeuka kinyago. Mwenzetu mmoja aliteremshwa kwenye basi katika kizuizi kimoja akiwa na vinyago vitatu vilivyokamilika, akaambiwa hati aliyonayo ni ya gogo, na gogo halionekani. Aliwaeleza kwamba gogo ndilo hilo walilolishika. Alilala hapo, na mnunuzi wake aliyekuwa akimsubiri Dar es Salaam akaondoka na ndege ya asubuhi. Sote tulicheka aliporudi kutusimulia, lakini yeye hakucheka. Tunaomba mamlaka zinazohusika zitoe hati moja nyepesi kwa kazi ya sanaa iliyokamilika, itolewe wilayani na itambulike njia nzima.

Pamoja na hilo tunaleta pendekezo. Jirani zetu wa Kilwa wana misitu ya vijiji iliyopata ithibati ya kimataifa ya uvunaji endelevu tangu mwaka 2009, na mpingo wake huuzwa kwa ajili ya klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza. Kipande kinachofaa kwa klarineti lazima kiwe kimenyooka, kisicho na ufa wala fundo, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hubaki kuwa mabaki. Mabaki hayo ndiyo mchongaji anayoyatafuta, kwa sababu fundo lililoshindikana kwa klarineti ndilo analoligeuza kuwa bega au goti. Tukiunganishwa rasmi na wenye misitu na viwanda vya kupasulia, tutapata mbao halali kwa bei tunayoiweza bila kuangusha mti hata mmoja zaidi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba radhi kwa jambo linalofuata, kwa kuwa linawagusa wengi wanaotualika. Barua ya kuita kikundi cha ngoma huandikwa saa ya kufika, idadi ya wachezaji na rangi ya sare. Kiasi cha malipo hakiandikwi. Tumewahi kusimama uwanjani tangu saa mbili asubuhi, mgeni akafika saa nane mchana, tukacheza sindimba kwa dakika saba, kisha tukapewa soda na nauli. Mwenye vipaza sauti wa siku hiyo alikuwa na hati ya malipo, mpishi alikuwa nayo, na aliyekodisha viti alilipwa kabla viti havijashushwa. Sisi tuliambiwa tumepewa nafasi ya kuonekana. Mchezaji wa ngoma hununua ngozi, huwamba ngoma, hufanya mazoezi siku nyingi na huacha kibarua cha siku hiyo. Hatukatai kualikwa na tunaheshimu kila anayetuita. Tunachoomba ni kwamba ofisi za umma za mkoa wetu ziwe za kwanza kuandika malipo ya wasanii kwenye bajeti ya shughuli na kwenye barua ya mwaliko, na nusu yake itolewe kabla. Nasi tukiri mbele yako kwamba vijana waliokupokea langoni tumewalipa pungufu ya tulivyopenda, lakini kiasi kiliandikwa na walisaini kabla ya kupiga ngoma ya kwanza.

Kuhusu hakimiliki tutasema machache. Sheria Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mchongaji kama inavyomlinda mwimbaji, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Wachongaji wengi hawalijui hilo, na kazi zao hupigwa picha na kuchapishwa kwenye fulana bila hata salamu. Tunaomba maofisa wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, waje huku angalau mara moja kwa mwaka wasajili kazi na wasanii hapa hapa.

Mwisho ni eneo. Tumechanga na tunazo fedha za mabati na saruji ya banda la kudumu la kufanyia kazi na kuuzia, ambapo mgeni atamkuta mchongaji mwenyewe badala ya dalali. Kinachokosekana ni kiwanja, na barua yetu ya maombi tumeiambatanisha na risala hii.

Mchongaji wa kinyago hiki ataendelea na kazi hapa mezani wakati sherehe ikiendelea, na tezo lake mtalisikia. Kabla hujaondoka, Ndugu Mgeni Rasmi, tunakuomba upite kwake umuulize bei. Amejiandaa kuitaja.

Risala hii imesomwa na Katibu wa kikundi kwa niaba ya wanachama wote.